Spoku zinazolia: pima mkazo kabla ya kushika chupa ya mafuta

Gurudumu la baiskeli ya milimani likianza kulia tik, tik, tik kila unapopanda kilima, mkono huenda kwanza kwenye chupa ya mafuta. Tone moja hapa, tone moja pale, kimya. Safari chache baadaye spoku inakatika, na mwenye baiskeli anashangaa kwa sababu alidhani imeshapona. Haikuwa imepona. Spoku yenye mkazo wa kutosha haina nafasi ya kusogea, na kisichosogea hakilii. Kwa hiyo inayolia mara nyingi imelegea, au imejisokota, au haijakaa vizuri kwenye tundu la habu (kitovu cha gurudumu), au rimu inayoishika (duara la nje linalobeba tairi) imeanza kupasuka. Mafuta hunyamazisha hizo zote nne bila kutibu hata moja. Mafuta ni dawa kweli pale tu mkazo ni mzuri na kinacholia ni msuguano mkavu, kama wa nati (ile inayoshika ncha ya spoku) ndani ya rimu au wa spoku zinapogusana. Ndiyo sababu hapa chini mafuta yanakuja mwishoni kabisa.

Kwanza, je, ni gurudumu?

Mabomba ya fremu yana uwazi ndani na hubeba sauti kama ngoma. Kelele inayotoka kwenye habu ya nyuma unaweza kuapa kwamba inatoka kwenye krenki (mikono inayobeba pedali), na bolti ya kiti iliyolegea imewahi kusababisha magurudumu mengi kufumuliwa bure. Usiamini sikio peke yake. Hesabu.

Tafuta barabara tulivu, weka gia ambayo unajua idadi ya meno. Ukiwa na meno 32 mbele na 16 nyuma, gurudumu huzunguka mara mbili kila krenki ikizunguka mara moja. Ikiwa kelele inatokea mara mbili kwa kila mzunguko wa mguu, gurudumu ni mshukiwa. Sasa badili gia uende kwenye meno 32 nyuma, au karibu na hapo. Mdundo ukihama pamoja na gurudumu, yaani ukawa mmoja kwa kila mzunguko wa krenki, umethibitisha. Mdundo ukibaki na mguu wako vilevile, acha spoku zipumzike, kagua pedali, krenki na beringi zake.

Gurudumu la inchi 29 lenye tairi nene husogea karibu mita 2.3 kwa mzunguko mmoja. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa hiyo ni mizunguko 1.2 kila sekunde. Basi tik moja inayorudi kwa muda wa chini kidogo ya sekunde moja, kwa mwendo huo, ni kitu kimoja kinacholia mahali pamoja kwenye gurudumu: spoku moja, nati moja, au maungio ya rimu. Mfululizo wa karibu ni habari nyingine. Gurudumu la spoku 32 lina spoku 16 kila upande, na kwa ufumaji wa kawaida zinapishana na kugusana katika sehemu nane kila upande. Sehemu zote nane zikilia, utasikia tik moja kila baada ya sentimita 29 hivi, na kwa mwendo wa kasi zinaungana kuwa mtatariko kama wa kuni mbichi. Mtatariko wa namna hiyo una maana ya upande mzima uliolegea. Usihangaike kutafuta spoku moja mbaya.

Kisha acha kukanyaga, baiskeli itiririke. Wengi huishia hapo na kusema: kelele imekoma, basi gurudumu halina kosa. Hapana. Ukikanyaga, mnyororo huvuta kaseti (magurudumu ya meno ya nyuma), na habu ya nyuma husukuma rimu kupitia spoku. Nusu yake hukazwa zaidi na nusu hulegezwa. Spoku ya nyuma iliyo dhaifu inaweza kunyamaza kabisa unapotiririka na kulia unaposimama kwenye pedali. Ukimya wa kutiririka hausafishi gurudumu la nyuma. La mbele, ndiyo, unaweza kulijaribu kwa njia hii: simama, egemea usukani, yumbisha baiskeli kushoto na kulia. Kama una gurudumu jingine linaloingia kwenye baiskeli hiyo, libadilishe ufanye safari moja fupi. Hakuna kipimo kinachoshinda hicho.

Kabla hujagusa spoku, ondoa waigizaji. Nati ya vali iliyolegea hugonga rimu mara moja kwa mzunguko, sawasawa na spoku mbovu. Kiakisi mwanga hulia hivyohivyo, na kadhalika waya wa breki unaogusa spoku. Kwenye matairi yasiyo na tyubu, silanti (kimiminika cha kuziba matundu) iliyokauka hujiviringisha kuwa kigololi kinachobiringika ndani. Zungusha gurudumu polepole karibu na sikio utakisikia kikianguka. Bolti za diski ya breki, zile sita zenye kichwa cha nyota cha T25, zikilegea hutoa mlio mkali wakati wa kufunga breki. Nyingi hutaka kati ya Nm (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 4 na 6, lakini fuata namba ya mtengenezaji wa habu na diski. Kizibo cha kaseti hukazwa kwa Nm 40. Ekseli itoe, ifute, ipake grisi nyembamba, irudishe kwa nguvu iliyoandikwa juu yake. Hayo yote ni kazi ya dakika ishirini na yanamaliza sehemu kubwa ya kelele zinazoitwa za spoku.

Kwa nini spoku inalia

Mzigo ukiwa juu ya baiskeli, sehemu ya rimu iliyo karibu na ardhi hujibana kidogo kuelekea habu. Spoku chache za hapo chini hupungukiwa na mkazo, kisha hurudishiwa gurudumu likiendelea kuzunguka. Kila spoku hupitia hali hiyo mara moja kwa kila mzunguko. Kama mkazo wake wa awali ni mkubwa, kupungua huko hakuonekani. Kama ni mdogo, spoku hulegea kabisa kwa nukta moja, hujisogeza pale inapopishana na mwenzake, kisha hukazwa tena ghafla. Ule msogeo wa ghafla ndio tik unayoisikia.

Upande gani hulegea si jambo la bahati. Nyuma, kaseti inachukua nafasi, kwa hiyo shavu la kulia la habu (ile sahani yenye matundu ya spoku) linasukumwa kuelekea katikati. Spoku za kulia husimama wima zaidi na nguvu yake ya kuvuta rimu pembeni ni ndogo. Ili rimu ikae katikati lazima zikazwe zaidi ya zile za kushoto. Mbele mambo ni kinyume: diski ya breki imesukuma shavu la kushoto, kwa hiyo spoku za kushoto ndizo ngumu na za kulia ndizo legevu. Anza kusikiliza upande legevu: nyuma kushoto, mbele kulia. Habu pana za kisasa, za mm 110 mbele na 148 nyuma, zimepunguza tofauti hiyo lakini hazijaiondoa.

Vidole na macho

Ning'iniza baiskeli au toa gurudumu. Anzia kwenye tundu la vali ili ujue ulipoanzia, na shika spoku mbilimbili za upande mmoja zinazokaribia kwenda sambamba, uzibonyeze pamoja kwa kiganja. Zungusha hadi urudi kwenye vali, kisha upande wa pili. Usitafute namba sasa. Tafuta jozi isiyofanana na majirani zake. Iliyolegea utaijua mara moja. Iliyokatika pia inaweza kukuhadaa: spoku huweza kukatika ndani ya nati au kwenye kiwiko, pale inapopinda kuingia habu, na ikabaki imesimama kwa sababu imefumwa na wenzake. Ivute kila moja kwa kidole kimoja kuelekea kwako, iliyokatika itacheza.

Wakati unabonyeza, sikiliza. Mara nyingi kelele ileile ya njiani hutokea mkononi mwako, na hapo umeshaipata. Weka alama ya tepu.

Sasa macho, kwa tochi, na gurudumu likiwa safi. Pale spoku zinapopishana tafuta mkwaruzo unaong'aa au unga mweusi: ni alama ya kusuguana. Kijishimo kidogo ni cha kawaida kwa gurudumu lililofanya kazi; kijishimo ambacho ukucha unakwama ndani yake kinataka spoku mpya. Kwenye habu, angalia kama kiwiko kimelala kwenye shavu au kimesimama mbali nalo. Kwenye nati, unga mweupe una maana ya alumini inayoliwa na kutu yake, hasa nati za alumini kwenye rimu ya kaboni, ambapo metali na kaboni zikikutana na maji ya chumvi huzidisha uharibifu. Nati kama hizo huvunjika vichwa ukizigeuza. Za shaba ya manjano zinaongeza karibu gramu 20 kwa gurudumu zima la spoku 32 na hukaa miaka. Kwa baiskeli ya milimani sioni sababu ya kuchagua nyingine.

Kitu cha kuogopa kuliko vyote kiko kwenye rimu. Kagua kila tundu la nati kutoka upande wa habu, halafu ikiwezekana toa tairi na utepe wa rimu uangalie na ndani. Ufa kwenye alumini huanza kama unywele mmoja ukitoka pembeni mwa tundu, kwa kawaida ukifuata urefu wa rimu. Wakati mwingine alumini hutuna kwanza kuzunguka nati, kama kipele. Kama huna hakika kwamba ni ufa au ni mkwaruzo wa rangi, bonyeza jozi ya spoku ya hapo huku unaangalia kwa karibu: ufa hufunguka na kujifunga, mkwaruzo hautikisiki. Ukiuona, acha. Usikaze, usilegeze, usitie mafuta. Rimu hiyo imekwisha, na shavu la habu lenye ufa kati ya matundu nalo limekwisha vilevile.

Mkazo kwa sikio na kwa kipimo

Piga kila spoku kwa kucha kama uzi wa gitaa, mahali pamoja kila mara, kati ya nati na sehemu ya kwanza ya kupishana. Linganisha upande mmoja peke yake. Za kushoto na za kulia hazitalingana kamwe na hazitakiwi kulingana. Sauti ya spoku hupanda na kushuka kulingana na kipeuo cha pili cha mkazo, kwa hiyo mabadiliko madogo ya sauti ni mabadiliko makubwa ya mkazo. Spoku iliyopungukiwa na asilimia 20 hushuka kama kutoka re hadi do. Iliyoshuka oktava nzima imebakiwa na robo tu ya mkazo wa wenzake. Anayeweza kuimba anaweza kupanga gurudumu likalingana vizuri bila kifaa chochote. Tatizo la sikio ni kwamba linakuambia zinavyolingana, halikuambii kama zote kwa pamoja zimelegea.

Hapo ndipo tenshomita inapohitajika. Kifaa hiki hupinda spoku kidogo kwa springi na kukupa namba, ambayo unaitafsiri kwa jedwali lake kulingana na unene wa spoku. Pima unene katikati, si mwishoni: spoku nyingi nzuri ni mm 2.0 kwenye ncha na 1.8 au 1.5 katikati, na ukisoma safu isiyo yake utapata jibu la uongo. Rimu nyingi za alumini hutaka kati ya kgf (kilo za nguvu) 100 na 120 upande mgumu. Kikomo cha juu ni kile alichoandika mtengenezaji wa rimu, na hakuna anayekishinda. Upande legevu utasoma nusu hadi robo tatu ya hapo, kutegemea habu. Ndani ya upande mmoja, kila spoku iwe ndani ya asilimia 20 ya wastani wa upande wake. Pima mkazo tairi likiwa na upepo unaoutumia, kisha ulitoe upepo upime tena: tairi, hasa lile lisilo na tyubu lenye mdomo unaobana sana, hubana rimu na kupunguza mkazo. Gurudumu lililokuwa sawa mezani linaweza kuwa legevu barabarani kwa sababu hiyo tu, na ndiyo sababu wengine wanakaza, wanafunga tairi, na kelele inarudi.

Kukaza

Tumia spana ya spoku inayobana nati bila kucheza. Nati nyingi zina upande wa mm 3.2 hadi 3.3, na tofauti hiyo ya sehemu ya kumi ya milimita inatosha kuvunja pembe zake. Toa tairi kama ni lisilo na tyubu na nati zimekwama, ili uzitie mafuta kwa ndani kwanza na kuziacha saa moja. Uelekeo unawachanganya wengi: ukiangalia nati kutoka upande wa tairi, kukaza ni kufuata mshale wa saa, ukiiangalia kutoka upande wa habu, ni kinyume chake.

Rezi ya spoku (mifereji ya skrubu kwenye ncha yake) ina nyuzi 56 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja kamili wa nati huvuta spoku mm 0.45. Hiyo ni nyingi sana. Fanya kazi kwa robo, na ukikaribia mwisho kwa nusu ya robo.

Spoku moja legevu kati ya nzima: ikaze robo, ipige, linganisha, endelea. Kisha angalia rimu kama imevutwa upande wake. Ikiwa rimu imenyooka huku spoku moja imelegea sana, kuna jirani yake anayebeba mzigo wa ziada, au rimu yenyewe imepinda mahali hapo baada ya kugonga jiwe. Rimu iliyopinda haitakubali mkazo sawa na unyoofu kwa pamoja, hata ufanye nini, utachagua kimoja. Kwa breki za diski, mimi huchagua mkazo sawa na kuvumilia rimu icheze hadi milimita moja.

Upande mzima ukiwa legevu, kosa la kawaida ni kukaza upande huo peke yake. Gurudumu la nyuma likilia kushoto, mtu anaongeza robo kwenye spoku zote 16 za kushoto, na rimu inahamia kushoto, tairi linaanza kukaribia fremu. Mkazo wa pande mbili umefungana: ili rimu ibaki katikati, uwiano wake haubadiliki. Njia ya kuongeza kushoto ni kuongeza pande zote, robo kila spoku kwa mzunguko mzima kuanzia vali hadi vali, kupima, kurudia, hadi kulia kufike karibu na kikomo cha rimu. Kama kulia kumefika kikomo na kushoto bado kunalia, habu na rimu hizo hazipatani vizuri. Zipo rimu zilizotobolewa matundu yaliyosogezwa pembeni kwa ajili hiyo hasa, na spoku nyembamba zaidi upande legevu nazo husaidia, kwa sababu hurefuka zaidi kwa mkazo uleule na hivyo huchelewa kulegea rimu inapobanwa.

Sasa kusokota. Unapogeuza nati yenye msuguano, spoku hugeuka nayo kabla nati haijatembea kwenye rezi. Nyembamba za mm 1.5 hujisokota sana. Bandika kipande kidogo cha tepu katikati ya spoku kama bendera na ugeuze nati: bendera ikigeuka, umeona msokoto kwa macho. Pitisha nati kidogo zaidi ya unapotaka, kisha irudishe hadi bendera iangalie ilikokuwa mwanzo. Spoku bapa hushikwa kwa kishikio chenye mwanya au kwa koleo lililofungwa kitambaa. Asiyefanya hivyo ataweka gurudumu lake barabarani, na mita mia za kwanza zitasikika ting, ting, ting, kila spoku ikijifungua na kulegea kidogo. Sauti hiyo kwenye gurudumu jipya au lililotoka kwa fundi ni hiyo karibu kila mara. Ikikoma baada ya dakika chache, nyoosha tena gurudumu usiwe na wasiwasi. Ikiendelea, mkazo haukutosha tangu mwanzo.

Hatua ambayo haipaswi kurukwa ni kukalisha spoku. Vaa glavu, shika jozi zinazokwenda sambamba, moja kila mkono, uzibane kwa nguvu zako zote, mzunguko mzima, pande zote mbili. Viwiko vinalala kwenye mashavu ya habu, vichwa vinazama kwenye matundu, na nati zinapata viti vyake. Kiwiko kinachosimama mbali na shavu kisukume kwa dole gumba au kigonge kwa nyundo ya plastiki. Kikiwa bado kirefu kupita unene wa shavu, washa ndogo chini ya kichwa cha spoku huziba nafasi hiyo. Baada ya kubana, pima mkazo upya, utakuwa umeshuka. Kaza, bana, pima. Mara mbili au tatu, hadi kubana hakubadilishi namba tena.

Sasa mafuta

Mkazo uko sawa, hakuna ufa, na bado kuna mlio. Hapa mafuta yanaingia kama kipimo: unatia mahali pamoja, unaendesha, unasikiliza. Ukitia kila mahali kwa pamoja kelele itakwisha na hutajua ilikuwa nini.

Toa diski ya breki kwanza. Kuifunika kwa mfuko kunawezekana, lakini tone moja linalotambaa kwenye spoku hadi habu linatosha kuharibu pedi, na pedi zilizonyonya mafuta kwa kawaida hutupwa. Diski yenyewe husafishika kwa spiriti ya isopropili na kitambaa safi.

Tia tone dogo la mafuta mepesi, kwa sindano au ncha ya kijiti, kwenye sehemu nane za kupishana za upande legevu. Panua spoku kidogo yaingie katikati, futa yaliyobaki, kwa sababu mafuta ya juu hushika vumbi na vumbi na mafuta ni msasa. Endesha. Kama hakuna badiliko, fanya upande wa pili. Asiyetaka mafuta kabisa akate vipande vyembamba vya plastiki ya chupa na kuvichomeka pale spoku zinapogusana. Jibu ni lilelile. Mlio ukikoma kwa upande wa makutano na mkazo umeshathibitishwa, ni msuguano tu wa chuma kikavu, na tone jipya kila baada ya kuosha baiskeli linatosha. Kufunga spoku kwa waya au vibanio vya plastiki kunanyamazisha pia, ila kunaficha spoku itakayolegea baadaye.

Kama makutano si tatizo, nenda kwenye nati. Huu ni mlio tofauti: mzito, kama kiti cha mbao kinacholia, na husikika zaidi unapokata kona au kusimama kwenye pedali. Laza gurudumu, weka tone pale nati inapotoka kwenye rimu, zungusha kidogo ili lishuke ndani, liache usiku kucha. Geuza, fanya upande wa pili siku nyingine. Kama tairi limeshatolewa, kutia kwa ndani kwenye kichwa cha nati ni bora zaidi. Ikitulia hapa, basi kweli mafuta yalikuwa dawa, kwa sababu nati hugeuka kidogo kwenye kiti chake kila rimu inapopinda na kiti kikavu hulia hata kama mkazo ni mzuri.

Mwisho ni matundu ya habu. Spoku zilizonyooka, zisizo na kiwiko, hulia hapa mara nyingi kuliko zenye kiwiko, kwa kuwa hakuna kinachozizuia kuzunguka ndani ya tundu. Tone moja kwenye kichwa cha kila spoku, na uzishike kwa koleo kila unapozikaza.

Ikiwa yote hayo hayakubadilisha kitu na tik ni moja tu kwa mzunguko, rudi kwenye rimu, upande ulio mkabala na vali. Hapo ndipo rimu nyingi za alumini zimeungwa. Zilizoungwa kwa pini au kipande cha ndani badala ya kuchomelewa zinaweza kusugua kwenye maungio. Shika rimu kwa mikono miwili, kila mmoja upande wake wa maungio, uipinde huku na huku. Kama inalia, gundi nyembamba sana inayonywewa na mwanya wa maungio, ikipakwa rimu ikiwa safi na kavu, huinyamazisha. Tikisa pia gurudumu likiwa halina tairi, maana kipande cha nati iliyovunjika au kikorokoro cha alumini kilichobaki kiwandani hutoka kupitia tundu la vali ukiwa na subira ya kukielekeza hapo.

Baada ya saa mbili tatu za njia mbaya, piga spoku zote tena ukiwa umelegeza upepo wa tairi kiasi kilekile cha mara ya kwanza. Iliyoshuka sauti peke yake ndiyo ya kufuatiliwa. Ikishuka tena baada ya kukazwa mara ya pili, badilisha spoku hiyo na nati yake kwa pamoja.